Kitulo na Watoto: Namna ya Kutembea Katika Bustani ya Mungu

Mtoto aliyezoea kusikia kwamba hifadhi ni simba na tembo atashuka garini Kitulo, atatazama huku na huku, kisha atauliza wanyama wako wapi. Mjibu kabla hajauliza. Mwambie mkiwa bado nyumbani kwamba mnakwenda kuona maua, kwamba wanyama wakubwa huko ni wachache, tohe wa milimani na pofu wa kubahatisha, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo atapata nafasi asiyoipata kwenye mbuga nyingi: kushuka garini na kutembea kwa miguu yake mwenyewe asubuhi nzima. Ukishaliweka sawa hilo, nusu ya manung'uniko ya siku hiyo umeyamaliza.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone, kwenye uwanda ulio kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Ilitangazwa rasmi mwaka 2005 ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 412.9, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Zimeorodheshwa humo aina 350 hivi za mimea, na kati yake 45 ni okidi zinazoota ardhini. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea wamependa kuiita Serengeti ya Maua, jina ambalo mimi silipendi sana, maana linamfanya mgeni adhani ataiona kwa dirisha la gari. Bustani hutembelewa kwa miguu, na polepole.

Ninayemwandikia hapa ni mtu anayetaka kupeleka kundi: familia nne au tano za mtaa mmoja, wanakwaya na watoto wao, au klabu ya mazingira ya shule pamoja na wazazi. Ukienda peke yako na wapanda milima wenzako utajipangia unavyojua. Ukiwa na mtoto wa miaka sita na bibi wa miaka sabini katika msafara mmoja, mipango ni mingine.

Mwezi gani

Maua yanafuata mvua. Mvua za kwanza zikishaloweka udongo mwezi Novemba uwanda huanza kubadilika rangi, na kuanzia Desemba hadi Aprili ndio msimu wenyewe. Kila mwezi una zamu yake. Mtakayoyakuta wiki ya Krismasi si yale mtakayoyakuta Machi, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba umewahi sana au umechelewa. Kwa familia nyingi likizo ya Desemba ndiyo inayowezekana, hasa kwa wanaorudi nyumbani Makete, Mbeya au Tukuyu kula sikukuu. Watoto wamefunga shule, wajomba na mashangazi wapo, na gari la kuazima halikosekani.

Septemba hadi Novemba kuna jua zaidi na njia ni kavu, lakini maua ni machache. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu, na mtoto mdogo hatakushukuru.

Ukichagua msimu wa maua umechagua na mvua. Lipokee hilo mapema, usilipe jina la bahati mbaya. Asubuhi kwa kawaida huwa nafuu kuliko alasiri, basi lengeni kuwa uwandani saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi, na kuwa mmerudi garini ifikapo saa nane mchana.

Kufika

Njia inayojulikana zaidi inaanzia Chimala, kilomita 78 kutoka Mbeya kwa barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Hapo mnaiacha barabara kuu na kuanza kupanda kuelekea Matamba kwa barabara iitwayo Hamsini na Saba, jina lililotokana na idadi ya kona zake. Kutoka Matamba hadi uwandani ni mwendo wa kama saa moja kwa gari. Wakati wa masika tumieni gari la juu linalosukuma magurudumu yote manne, na dereva awe mtu anayeifahamu barabara ile, si kijana anayetaka kujipima.

Watoto watatapika, huo ndio ukweli wa Hamsini na Saba. Kifungua kinywa kiwe chai na mkate mkavu au kiazi cha kuchemsha, supu iwangoje wakati wa kurudi. Wenye tumbo jepesi wakae mbele, dirisha liwe wazi kidogo, na simu zote ziwekwe mfukoni, kwa kuwa anayetazama kioo cha simu ndiye wa kwanza kuugua. Wape kazi ya kuhesabu kona. Hesabu haitalingana kati ya mtoto na mtoto, watabishana, na ubishi huo huo utawafanya watazame nje mpaka juu.

Msitoke Dar es Salaam au pwani yoyote ile na kuingia matembezini bila kulala njiani. Laleni Mbeya au Matamba usiku mmoja angalau. Kwenye mita 2,600 hewa ni nyepesi, na baadhi ya watu huumwa kichwa, hukosa pumzi au hupoteza hamu ya kula. Maji na mwendo wa taratibu huwatosha wengi. Mtoto ambaye kichwa kinaendelea kumuuma na anatapika ilhali kona zimekwisha zamani, ateremshwe. Hakuna dawa bora kuliko kushuka. Mwenye pumu asiachane na dawa yake ya kuvuta, nayo ikae mfukoni mwake mwenyewe, si kwenye begi la mama lililobaki garini.

Kiingilio cha hifadhi za taifa hakipokelewi kwa fedha taslimu. Mtapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au benki, kwa hiyo malizeni shughuli hiyo mkiwa bado mahali penye mtandao wa uhakika. Watoto walio chini ya miaka 5 huingia bure, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa pungufu. Viwango hubadilika, vya mwaka huu viulize hifadhini.

Mwongozaji

Hili ndilo jambo la kulipa fedha bila kusita. Uwanda wa Kitulo ni wazi, hauna miti mingi ya kuwekea alama, na ukungu ukishuka kilima hiki na kile huwa kitu kimoja. Mwongozaji anajua pa kupitia. Lakini kwa kundi lenye watoto kujua njia hakutoshi.

Zungumza naye siku moja kabla, ana kwa ana ikiwezekana. Muulize atafanya nini mtoto akichoka katikati. Akikujibu kwamba mtoto atazoea, tafuta mwingine. Muulize pia akuoneshe ua moja lililo karibu na mlipo na akuelezee. Kama atataja jina la Kilatini na kunyamaza, huyo atawafaa wanafunzi wa chuo kikuu. Unayemtaka ni yule atakayechuchumaa, akwambie nyuki huingilia wapi, na bibi yake aliliitaje kwa Kiwanji au Kikinga.

Kwa watoto wadogo mwongozaji mmoja asibebe zaidi ya watu kumi na tano. Yeye hukaa mbele, na kanuni ya kwanza ni kwamba hakuna mtoto anayempita. Nyuma kabisa awepo mtu mzima mmoja, mshika mkia, ambaye hapitwi na yeyote. Asiwe mtu wa kupiga picha, maana mpiga picha hubaki nyuma peke yake na kusahau kundi. Watoto wapangwe wawili wawili, kila mmoja akijua mwenzake ni nani. Kila mnaposimama, swali ni moja tu: mwenzako yuko wapi?

Bibi na babu waleteni. Watu waliokulia nyanda hizi wanajua majani ambayo mwongozaji mwenyewe huenda hayajui, na mara nyingi kundi likifika katikati ya matembezi huwa linamsikiliza bibi.

Mavazi na chakula

Baridi ya Kitulo si kitu cha kumtia mtu hofu, ila mtoto aliyelowa na kupigwa na upepo hupoa haraka kuliko mzazi anavyodhani. Mvishe nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine badala ya koti moja nene: fulana, sweta, na juu yake koti la mvua. Jinzi ikilowa haikauki, iacheni nyumbani. Kofia ya sufu. Gambuti zinafaa kwa sababu nyasi hubaki na maji mpaka karibu adhuhuri. Raba zitalowa ndani ya nusu saa. Kila mtoto awe na jozi kamili ya nguo kavu, soksi zikiwemo, zilizofungwa vizuri na kuachwa garini. Mtoto anayetetemeka msimwache hivyo hivyo kwa kuwa amesema yuko sawa. Na aliyekuwa anatetemeka kisha akanyamaza, akawa mzito wa kusema, huyo ni wa kuvuliwa nguo zilizolowa, kufunikwa blanketi, kukumbatiwa na kurudishwa mara moja.

Jua nalo lipo, na juu ya mlima huunguza hata siku yenye mawingu. Mtoto mwenye ualbino avae mikono mirefu, kofia pana na mafuta ya kukinga jua, bila kungoja jua lionekane.

Mtoto mchanga abebwe kwa mbeleko, mgongoni. Vigari vya kusukuma havina kazi huko.

Chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai, mayai ya kuchemsha, maandazi, karanga, ndizi mbivu, parachichi kutoka Rungwe. Vitu vinavyolika kwa mkono mmoja mtu akiwa amesimama, kwa sababu pa kukaa pakavu hapapatikani kila mara. Pipi chache mfukoni mwa mshika mkia huokoa kilomita ya mwisho. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, tumieni vikapu na vyombo vyenye mifuniko, na mrudi na maganda yenu, ya mayai pia. Nepi chafu hurudi na mwenyewe.

Mwendo

Mtoto wa miaka sita anayetazama maua huenda kilomita moja kwa saa. Mzazi asiyejua hili hupanga kilomita kumi na kuishia kubeba watu. Pangeni tatu au nne, kwenda na kurudi, na mzihesabu kuwa siku nzima. Kilele cha Mtorwi, chenye mita 2,961, kinaonekana vizuri na kinavutia, lakini mwachieni kaka wa kidato cha nne akirudi siku nyingine na wenzake. Hali kadhalika matembezi ya kutwa ya kuvuka milima ya Livingstone hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa: ni mazuri mno, na si ya watoto wadogo.

Katika hizo kilomita tatu, simameni sana. Chukua kamba ya mita nne, ifungeni ncha kwa ncha, itandikeni kwenye nyasi pembeni mwa njia iwe mraba wa mita moja kila upande. Waambie watoto wachuchumae kuizunguka bila kukanyaga ndani, wahesabu aina za maua yaliyomo. Mwanzo watasema mawili. Baada ya dakika tano watakuwa wamegundua dogo la zambarau lililojificha chini ya jani, na jeupe lililodhaniwa ni umande. Kisha hamisheni kamba hatua ishirini, mahali penye maji maji, muone kama ni yale yale. Kioo cha kukuzia cha bei ndogo, kile cha duka la vifaa vya shule, kina faida hapa kuliko darubini ya bei kubwa.

Mkikutana na okidi, na kwa msimu mtakutana nazo, msiridhike na kuitazama kwa mbele. Zungukeni nyuma yake. Zipo zinazosimama wima na maua madogo yaliyopangana kwenye bua moja, ya waridi, meupe au mekundu. Kila kiua kikiwa na vijipembe viwili vyembamba vinavyoning'inia nyuma, hiyo ni jamii ya Satyrium. Kikiwa na kijipembe kimoja kilichochomoza kwenye kofia ya ua, yaelekea ni Disa. Ndani ya vijipembe hivyo vya Satyrium mna maji matamu. Mdudu akipenyeza ulimi kuyafuata hugusa vibonge vya chavua, vinamnata, naye huvipeleka kwenye ua linalofuata. Watoto wakishaelezwa hili hawataki tena kuondoka. Wanataka kumwona mdudu. Wapeni muda. Kuna nyingine, za jamii ya Habenaria, zenye maua ya kijani na meupe yasiyomvutia mtu mchana. Nyingi hunukia usiku, zinawangoja nondo.

Lipo na ua refu lisilohitaji kutafutwa, Kniphofia, linalosimama juu ya nyasi mithili ya mwenge: juu jekundu, chini limegeuka manjano. Maua yake hufunguka kuanzia chini kwenda juu. Simameni mbali kidogo, mnyamaze, na ndege aina ya chozi huenda akaja kunywa. Mwenye jicho la ndege aulize pia habari za tandawala na za mbayuwayu buluu, ambaye ni miongoni mwa ndege walio hatarini duniani na ambaye uwanda huu ni moja ya makao yake.

Kuchuma ni marufuku, kwa sheria ya hifadhi, hata ua moja la kumpa bibi. Mpe mtoto daftari na penseli za rangi. Akikosa jina la ua alibatize mwenyewe; mkifika nyumbani mtaelewana vizuri zaidi mkisema "lile la Neema" kuliko kulitafutia Kilatini chake.

Habari ya viazi

Watoto wa kuanzia miaka minane waelezeni kwa nini eneo hili lililindwa, nao wataelewa. Chini ya okidi nyingi za ardhini kuna viazi viwili: cha zamani kinachosinyaa kwa kulisha ua la mwaka huu, na kipya kinachojazwa kwa ajili ya mwaka ujao. Ukichimba, umechukua ua na mwakani wake. Zambia viazi hivi husagwa na kuchanganywa na unga wa karanga na pilipili, hupikwa vikawa chakula kinachoitwa chikanda, kinapendwa sana na kinauzwa mpaka mijini. Okidi za kwao zilipopungua, wanunuzi walivuka mpaka. Mwaka 2003 watafiti walikadiria kwamba viazi vya okidi vipatavyo milioni 4 vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kila mwaka kuelekea huko.

Tatizo ni kwamba okidi haioteshwi upesi kama maharage. Mbegu yake ni ndogo mno, haina akiba ya chakula ndani, na bila aina fulani ya kuvu kwenye udongo haioti kabisa. Ikiota, miaka hupita kabla haijatoa ua. Waambieni hayo bila kuwafanya wachimbaji kuwa majambazi: wengi wao walikuwa watu wa vijijini waliokuwa wakitafuta ada ya shule, na baadhi ya watoto mtakaowapungia mkono njiani ni wajukuu wao.

Hapo hapo mtaje na kipunji, kwa ajili ya yule mtoto ambaye bado anauliza wanyama. Ni kima wa msituni, mwenye mkia mrefu na nywele zilizosimama utosini, anayeishi kwenye misitu ya Mlima Rungwe na ya Livingstone iliyo ndani ya hifadhi hii. Wanyakyusa walikuwa na jina lake tangu zamani. Wanasayansi walitangaza kumtambua mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakampa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Kwenye uwanda wa maua hamtamwona, na ni vizuri kulisema hilo wazi.

Ukungu na radi

Ukungu ukishuka, kundi lote husimama, hukaribiana, huhesabiwa. Kila mtoto awe na filimbi shingoni na awe amefundishwa kabla ya kuondoka: ukijikuta peke yako, simama hapo hapo ulipo, piga filimbi mara tatu, ngoja, piga tena. Usiende kutafuta watu. Watu watakuja kwako. Lifanyieni mazoezi langoni, watacheka na kusumbua masikio ya walinzi, si kitu.

Radi ni jambo zito zaidi kuliko nyoka, ambao wazazi huwaogopa bure. Uwandani wewe ndiye kitu kirefu. Mkisikia ngurumo ya kwanza msimalizie njia, anzeni kurudi garini. Ndani ya gari lililofungwa ni salama. Ikiwakuta mbali, shukeni kwenye mabonde, mkae mbali na mti ulio peke yake, mtawanyike kidogo, mchuchumae miguu ikiwa pamoja. Msilale chini. Mwongozaji akisema turudi, hakuna kura inayopigwa.

Anzeni kushuka kutoka uwandani saa tisa alasiri ili kona zile hamsini na saba mzipite mchana kweupe. Mkipita Matamba nunueni viazi mviringo kwa wakulima wa pale, ni vitamu, na fedha hiyo inabaki kijijini. Na unapopiga simu hifadhini kuomba nafasi, ipige mapema, wiki kadhaa kabla ya sikukuu, na utaje umri wa mtoto mdogo kuliko wote kabla hujataja mko wangapi. Mwongozaji anayeijua kazi yake atapanga njia kwa umri huo.